Goma: Bei ya chumba ipande kwa gharama, isipande kwa woga wa watu

Chumba cha hoteli si sawa na mfuko wa maharage. Maharage yasiponunuliwa leo kwenye soko la Virunga, mama anayafunga na kuyarudisha kesho asubuhi. Lakini chumba kisipolala mtu usiku wa leo, usiku huo umekwenda. Hakuna mgeni atakayekuja kesho kununua usiku wa jana.

Ndiyo maana hoteli kubwa duniani zina mtu ambaye kazi yake ni kuamua chumba kiuzwe kwa bei gani, siku gani, na kwa nani. Anaweza kuitwa msimamizi wa mapato. Huyo anaangalia kalenda, anahesabu vyumba vilivyobaki, anakumbuka mwaka uliopita ulikwendaje, halafu anapandisha au anashusha bei. Elimu hii ilianzia kwenye ndege. Mwaka 1978 Marekani iliachilia makampuni ya ndege yajipangie bei, na katika miaka ya 1980 kampuni ya American Airlines, chini ya Robert Crandall, ikaonyesha kwamba kiti kimoja kinaweza kuuzwa kwa bei nyingi tofauti kulingana na siku ya kununua. Hoteli za Marriott zikaiga, na nyingine zikafuata. Siku hizi kompyuta ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Hapa Goma kazi ni hiyohiyo, ila inafanywa na meneja mwenye daftari na kikokotoo, au na mwenye hoteli mwenyewe anayepiga simu jioni kuuliza, "Leo tumelaza wangapi?" Mtu anaweza kusema mambo ya bei za hoteli hayamhusu mama aliyekimbia Masisi na watoto wanne. Yanamhusu. Mashuka ya hoteli hufuliwa na watu, na wamo kati yao waliohama makwao. Mboga na samaki wa jikoni huuzwa na watu. Na siku risasi zinapolia, mwenye vidola kidogo mfukoni hukimbilia hapo kuomba chumba. Bei atakayoambiwa usiku ule inaweza kumaliza akiba ya miezi.

Wasimamizi wa mapato wakikutana, iwe Nairobi, Paris au Dubai, vilio vyao vinafanana. Tovuti za kuuzia vyumba kwenye intaneti zinakata asilimia 15 na zaidi ya bei. Wageni wanaagiza chumba halafu hawafiki. Jirani anashusha bei, na wote wanalazimika kumfuata. Mwenye mali anataka hoteli ijae, hata kama kujaa kwenyewe hakuleti faida. Na kilio kikubwa kuliko vyote ni kukisia. Kazi yote imejengwa juu ya kuamini kwamba mwaka huu utafanana kidogo na mwaka jana. Mwaka 2020 korona ilipofunga mipaka, kumbukumbu za miaka kumi zilikuwa karatasi tupu kwa siku moja.

Kwa Goma, korona ilikuwa shida moja tu katika msururu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikatapika moto, na siku tano baadaye amri ikatoka kwamba kata nyingi za mji zihame. Kisha vita vikarudi Rutshuru na Masisi, na mamia ya maelfu ya watu wakajikusanya Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala na kwingineko kandokando ya mji. Mwishoni mwa Januari 2025 mji wenyewe ukaingia mikononi mwa M23. Ndege za abiria zikaacha kutua. Benki zikafunga milango. Meneja wa hoteli ya kando ya ziwa, ambaye wageni wake walikuwa wafanyakazi wa mashirika ya misaada, watu wa Umoja wa Mataifa, wafanyabiashara wa Kinshasa na watalii wachache wa mlimani, akabaki na ukuta wa funguo zinazoning'inia. Kumbukumbu ya mwaka jana haimsaidii kitu.

Wengi, katika hali hiyo, hufanya jambo moja: wanashusha bei. Ni jambo la kawaida, na mara nyingi ni kosa. Hesabu yake inafaa kufanywa hadharani.

Tuseme hoteli ina vyumba 40, na chumba ni dola 60. Mgeni mmoja akilala, hoteli inatumia kama dola 8 kwa sabuni, maji, chai ya asubuhi na mazutu ya jenereta. Kwa hiyo kila chumba kinaacha dola 52. Wakilala wageni kumi, zinabaki dola 520. Sasa bei inashushwa hadi dola 30. Kila chumba kinaacha dola 22 tu. Ili hoteli ipate zile 520 za mwanzo, inahitaji wageni 24. Watatoka wapi wale 14 wa nyongeza? Mtu haji Goma kwa sababu chumba kimekuwa rahisi. Anakuja kwa sababu kuna njia ya kufika, kuna kazi ya kufanya, na kuna usalama wa kumrudisha kwake. Bei ya chumba haifungui kiwanja cha ndege.

Kinachotokea ni kwamba wageni walewale wachache wanahama kutoka hoteli hii kwenda ile. Wa kwanza akishusha hadi 30, jirani yake anashusha hadi 25. Baada ya miezi miwili kila mmoja ana wageni kumi kama zamani, kwa nusu ya pesa. Aliyefaidika ni mgeni, na mara nyingi mgeni huyo ni shirika ambalo bajeti yake ya malazi ilishapangwa tayari. Aliyelipa ni mfuaji wa mashuka, mpishi na mlinzi wa geti, kwa sababu pengo la mapato huzibwa kwanza kwa mishahara. Unaambiwa uje siku tatu kwa wiki. Halafu unaambiwa usubiri mwezi ujao.

Kuna pia tatizo la pesa yenyewe, ambalo kompyuta za Ulaya hazilijui. Benki zikiwa zimefungwa, mgeni analipa kwa simu au kwa noti. Anayelipa kwa simu anaiachia hoteli gharama ya kutoa pesa hizo ziwe noti. Anayelipa kwa noti ya dola yenye mpasuko mdogo anakuta inakataliwa, maana kila mtu mjini anajua kwamba noti iliyochanika itakataliwa na anayefuata. Meneja anaweka bei kwa dola, ananunua viazi kwa franka, analipa wafanyakazi kwa kile alichokipata. Bei iliyoandikwa ukutani ni 60, lakini inayofika sandukuni ni nyingine.

Hadi hapo wenye hoteli wanastahili kuonewa huruma. Lakini kuna upande wa pili, ambao wao wenyewe hawaupendi kuuzungumza.

Kanuni inayosema shusha bei watu wakipungua ndiyo hiyohiyo inayosema pandisha wakiongezeka. Haiulizi wameongezeka kwa nini. Harusi, mkutano wa mawaziri, mpira, mlipuko wa volkano na mabomu vyote kwenye daftari vinaonekana kitu kimoja, yaani vyumba vimebaki vichache. Tarehe 15 Desemba 2014, mtu mwenye silaha alipowateka watu katika mkahawa katikati ya mji wa Sydney, Australia, watu walikimbilia simu zao kutafuta gari la kuwaondoa. Programu ya Uber ikaona wateja wameongezeka ghafla na ikapandisha bei yenyewe, hadi ikadai angalau dola 100 za Australia kwa safari moja. Kelele zilipopigwa kampuni ikabadilika, ikatoa safari za bure na kuahidi kurudisha pesa. Mashine ilifanya ilivyofundishwa. Hakuna aliyekuwa ameifundisha kutofautisha haraka ya mtu anayewahi sherehe na haraka ya mtu anayekimbia kifo.

Goma haina haja ya mashine ili kosa hilo lifanyike. Anayekumbuka Mei 2021 anakumbuka barabara ya Sake ilivyojaa watu, magodoro na chukudu. Wengi walilala makanisani, mashuleni, na kwa familia ambazo hata hazikuwajua. Anayekumbuka Januari 2025 anakumbuka boti kutoka Minova zikishusha watu, kisha Sake ikaanguka, kisha mji mzima ukajifungia ndani. Katika siku za namna hiyo mwenye chumba kisicho na mtu ana uwezo mkubwa mno juu ya mwenzake. Anaweza kutaja bei yoyote, na yule aliyesimama mlangoni na mtoto mgongoni ataikubali. Kukubali kwa namna hiyo hakuwezi kuitwa mapatano ya biashara.

Ajabu ni kwamba mwezi uleule wa Januari 2025, mbali sana na hapa, wenye hoteli wa Los Angeles waliulizwa swali hilohilo. Moto wa misitu ulianza tarehe 7, ukateketeza mitaa mizima, na maelfu ya watu wakaondoka majumbani usiku wakitafuta pa kulala. Jimbo la California lina sheria kwa ajili ya siku kama hizo. Hali ya dharura ikitangazwa, bei ya vitu vya lazima haitakiwi kupanda zaidi ya asilimia 10 juu ya ilivyokuwa kabla, na hoteli zimetajwa ndani yake kwa jina. Anayevunja anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja na kutozwa faini ya hadi dola 10,000. Mwanasheria mkuu wa jimbo alituma barua za onyo kwa mamia ya wenye nyumba na wenye hoteli. Sheria hiyo ina busara moja inayofaa kuangaliwa kwa makini: mfanyabiashara akionyesha kwamba gharama zake mwenyewe zimepanda, anaruhusiwa kupandisha kwa kiasi hicho.

Hapo ndipo mstari unapoweza kuchorwa hata hapa. Mazutu yakipanda, chumba kipande. Maji yakiletwa kwa lori kwa sababu bomba limekatika, chumba kipande. Mlinzi wa usiku akilipwa mara mbili kwa sababu ya hatari, ni haki mgeni achangie. Lakini chumba kilekile, shuka lilelile, jenereta iliyozimwa saa nne usiku, kwa bei mara tatu ya juzi, hiyo nyongeza imelipia nini? Imelipia woga, na woga haukuigharimu hoteli kitu.

Wenye hoteli watajibu kwamba miezi kumi wamekaa bila mtu, na siku mbili za kujaa ndizo zinazoweza kulipa deni la mwaka. Jibu hilo lina uzito. Katika miji ya watalii ndivyo biashara inavyokwenda: msimu wa wageni unalipia msimu mkavu. Lakini anayelipa huko ni mtu aliyepanga likizo na anayeweza kubaki kwao akiona bei ni kali. Aliyetoka Sake kwa miguu hakupanga. Deni la hoteli halikutengenezwa na yeye, na haliwezi kulipwa kwa akiba yake ya mwisho.

Wengine watasema basi wakuu wa hoteli wakae pamoja, wakubaliane bei moja, wamalize vita vya kushusha na aibu ya kupandisha. Hapo inabidi kwenda polepole. Kongo ina sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya uhuru wa bei na ushindani, na sheria za namna hiyo popote duniani zinachukia wafanyabiashara wanaojifungia chumbani na kutoka na bei moja. Sababu ni rahisi. Leo wanakubaliana bei isishuke chini ya kiasi fulani, kesho mama mwenye kibanda cha vyumba vinne anaambiwa yeye ndiye anayeharibu soko. Kuzungumza juu ya shida za pamoja, kama kiwanja kilichofungwa, kodi, umeme, noti zilizochanika na mafunzo ya wafanyakazi, ni kazi nzuri ya vikao. Kupanga bei kwa siri haimo.

Njia iliyo wazi zaidi ni kila hoteli itangaze kikomo chake yenyewe, leo, mji ukiwa umetulia. Ubao mmoja mapokezini, kwa Kiswahili na Kifaransa: hii ndiyo bei ya kawaida, na hii ndiyo ya juu kabisa ambayo hoteli hii itatoza usiku wowote, hata milima ikiwaka. Hakuna anayelazimika kumfuata jirani. Mwenye ubao wa dola 60 na 70 atajulikana, na asiye na ubao atajulikana pia. Shirika la raia linaweza kupita kupiga picha za ubao huo na kuzihifadhi. Redio zinaweza kuzisoma. Siku ya mbio itakapofika, anayetafuta chumba atakuwa tayari anajua aelekee wapi, na mpokea wageni hatakuwa peke yake na daftari lake usiku wa manane akiulizwa na bosi kwa simu, "Wape bei gani?"

Familia nazo zina mambo madogo ya kushika, kwa sababu ubao bila maswali haufiki mbali. Ulizeni kama bei ni ya chumba au ya kichwa. Ulizeni watoto wanahesabiwaje. Ulizeni dola inahesabiwa kwa franka ngapi kabla ya kulipa, wala si baada. Na mwombe faktira iliyoandikwa, hata ya usiku mmoja, hata kwenye kipande cha karatasi. Bei isiyoandikwa hubadilika asubuhi.

Linabaki suala la vyumba vilivyo wazi sasa, na hapo ndipo elimu ya wasimamizi wa mapato ingeweza kuisaidia Goma kuliko popote. Wao wanajua siri moja: ukitaka kuuza rahisi bila kuharibu bei yako, uza kitu tofauti kidogo, kwa mtu tofauti. Usishushe chumba cha usiku kutoka 60 hadi 30 kwa kila anayepita. Chukua vyumba sita vya nyuma, vile visivyoona ziwa, uviuze kwa wiki au kwa mwezi. Tuseme dola 150 kwa mwezi kila kimoja, mgeni akijifulia mashuka na kujitafutia chai. Hizo ni dola 900 kila mwezi, na zinajulikana mapema, kwa hiyo meneja anaweza kumwahidi mfuaji na mlinzi mshahara. Bei ya 60 kwa wageni wa usiku mmoja inabaki mahali pake.

Wanaoweza kulipa hivyo wapo. Wamo walimu, wauguzi, wauza vitenge na madereva waliopoteza nyumba, lakini wana kipato kidogo kinachoingia. Kinachowashinda mara nyingi ni garanti. Mwenye nyumba mjini anataka miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja, tena kwa dola, na familia iliyokimbia na mabegi mawili haina mkupuo. Mwaka 2010 watafiti Karen Büscher na Koen Vlassenroot waliandika namna kuwepo kwa mashirika ya misaada kulivyobadilisha mji wa Goma, pamoja na soko la nyumba zake. Wageni wengi wa mashirika wamepungua, lakini tabia ya kudai dola za mkupuo imebaki. Hoteli inayopokea malipo ya wiki kwa wiki, bila garanti, itakuwa imefungua mlango ambao wenye nyumba wameufunga.

Hii haitamfikia kila mtu. Familia iliyokuwa chini ya turubai Bulengo, ikaambiwa Februari 2025 irudi kijijini ambako nyumba haipo tena, haitapata dola 150, na hakuna mpango wa hoteli unaoweza kuchukua nafasi ya msaada na ya usalama. Ni vizuri kusema hivyo wazi, kwa sababu wapo wenye hoteli ambao wangependa kupigwa picha kama wafadhili. Kuuza vyumba vya nyuma kwa mwezi ni biashara, na inaweza kubaki biashara bila haya yoyote.

Kikwazo kinachotajwa kuliko vingine ni jiko. Meneja anaogopa makala chumbani, moshi kwenye mapazia, na mgeni wa usiku mmoja akisikia harufu ya sombe kwenye korido. Ana haki ya kuogopa, makala ndani ya chumba kilichofungwa yanaua. Lakini hoteli nyingi za Goma zina uwanja wa nyuma, penye kamba za mashuka na tangi la maji. Mabati kumi, nguzo nne, na sehemu ya kuwekea mababula matatu vinatosha kuanza.